Milipuko ya jua

Nishati inayofyatuka ghafla juu ya madoa ya jua, ambako usumaku una nguvu maelfu ya mara kuliko wa dunia. Nyuga za sumaku hupindana, hukatika na kuungana upya. Madoa yakizidi, katika mzunguko wa miaka 11 hivi, milipuko nayo huzidi. Mlipuko ulioshuhudiwa na mwanaastronomia Richard Carrington huko Uingereza, tarehe 1 Septemba 1859, ulitokea wakati kule Tabora ilikuwa yapata saa saba na nusu mchana. Baadaye, Ulaya na Marekani telegrafu zilivurugika. Njia ya misafara iliyopitia Tabora, Bagamoyo hadi Ujiji, haikuwa na waya hata mmoja, na mpagazi wa Kinyamwezi asingehisi lolote. Leo mlipuko mkali wa mchana huweza kuzima redio za masafa mafupi, hasa jua likiwa la utosi.