Kihamba na Mbege

Katika nchi ya Ufaransa wako jamaa washikao mashamba ya mizabibu, baba akimwachia mwana, na divai yao yajulikana kwa jina la shamba. Sisi wa Moshi hatuna mizabibu, tuna kihamba.

Kihamba ni migomba iizungukayo nyumba, inyweshwayo kwa mifereji tuiitayo mifongo, waliyoichimba wazee kabla Rebmann hajaiona theluji ya Kibo mwaka 1848. Ndizi mbivu hupikwa, huachwa siku kadhaa zipate kuchachuka, kisha huchujwa na kuchanganywa na uji wa ulezi ulioota, pamoja na gome chungu la msesewe. Ndiyo mbege. Wala haikuwa ya kulewa tu; mahari na mapatano hayakukamilika pasipo mbege.

Desturi ilikuwa mwana wa kwanza apewe kihamba chake, wa mwisho akae katika kihamba cha baba, na wale wa katikati watafutiwe pori. Binti hawakuhesabiwa, jambo ambalo sisi twaliona si haki. Hata kahawa ilipoletwa na Mapadre wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, haikuing'oa migomba, bali ilipandwa kivulini mwake.

Lakini mlima haukui. Huko Ufaransa sheria ya mwaka 1804 iliamuru watoto wagawane sawasawa, na mashamba mengi ya Bourgogne yakawa vipande vipande. Kwetu pori limekwisha. Baba hukata kihamba, na mwanawe hukata tena, hata wengine leo hununua ndizi za mbege sokoni. Wana wengi wamekwenda mijini. Hurudi Krismasi, nao wakifa huletwa kuzikwa kihambani, maana makaburi ya baba zao yamo humo, chini ya migomba.