Stesheni za Reli na Gunia la Mkulima

Ndugu wanachama, katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu cha Ushirika tumeona yafaa kunena habari za stesheni za reli. Huenda mtu wa Daudi akauliza: reli yatuhusu nini sisi tusiosikia mlio wa gari la moshi mashambani mwetu? Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba historia ya stesheni ni historia ya gunia la mkulima: lilipimiwa wapi, lilipimwa na nani, na kwa nini mwenye gunia moja hakuwa na sauti mpaka alipoungana na wenzake.

Reli ya kwanza ya Tanganyika ilianzwa Tanga mwaka 1893, zama za Wadachi. Kampuni iliyoianza iliishiwa na fedha, na serikali yao ikaichukua mwaka 1899. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911, mwendo wa kilomita 352 kutoka pwani. Waingereza waliiendeleza hata Arusha mwaka 1929, nayo Arusha ndiyo stesheni ya njia hiyo iliyo karibu nasi. Reli ya Kati ilianzwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914.

Kabla ya hapo mizigo ilichukuliwa vichwani. Tukikadiria kwamba mpagazi mmoja alibeba kilo 30, basi behewa moja la tani 15 ni mzigo wa wapagazi 500. Ndiyo maana kila mahali gari liliposimama palizuka maduka, soko, na hatimaye mji.

Sasa tutazame majengo yenyewe. Stesheni za zamani zilijengwa kwa kuta nene na veranda pana, ili jua na mvua visimfikie aliyengoja. Pembeni palisimama tangi la maji, kwa kuwa injini za mvuke zilikunywa maji mengi njiani. Reli ilikuwa ya njia moja. Kwa hiyo katika stesheni njia iligawanyika, gari moja likangoja huku jingine likipita. Mataruma yaliwekwa ya chuma, maana mchwa wangeyala ya mti. Abiria walitengwa kwa madaraja, na Mwafrika kwa kawaida alisafiri katika daraja la tatu.

Lakini mwenye macho atatambua kwamba katika stesheni nyingi za mazao, jengo la maana halikuwa lile la abiria. Lilikuwa bohari ya mizigo, lenye sakafu iliyoinuliwa hata usawa wa mlango wa behewa, na mizani kando yake. Bohari hiyo haikujengwa kwa ajili ya mwenye debe moja au gunia moja, bali kwa ajili ya mwenye shehena ya kujaza behewa. Hapo mwanzo huyo alikuwa mwenye shamba kubwa la mkonge, au mfanyabiashara aliyenunua kidogo kidogo kwa wakulima kwa bei aliyoitaka yeye.

Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walilifahamu jambo hili mapema. Walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, yenye makao yake Moshi. Kahawa ya mwenye shamba dogo ilikusanywa katika ghala la chama cha msingi, ikapimwa, ikaandikwa, kisha ikateremshwa mjini pamoja na ya wenzake. Haba na haba hujaza kibaba. Magunia 150 ya kilo 100 hujaza behewa la tani 15.

Njia nazo zina funzo lake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliunganisha Voi na Kahe, karibu na Moshi, na tangu hapo mazao ya kaskazini yaliweza kwenda Mombasa au Tanga. Mwaka 1963 ikafunguliwa njia ya Mnyusi hadi Ruvu, na bandari ya Dar es Salaam ikaongezeka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka ukafungwa na njia ya Voi ikakatika. Mwenye mlango mmoja tu wa kutokea hufungiwa ndani siku mlango huo ukifungwa.

Baadaye gari la abiria la Arusha lilisimama kwa miaka mingi, likarejea mwezi wa Oktoba 2020. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na stesheni yake ya Dar es Salaam imejengwa kwa kuigiza sura ya jiwe la tanzanaiti, tunu ya Mererani katika mkoa wetu wa Manyara. Twajivunia kuona jiwe la kwetu limekuwa mfano wa jengo kubwa namna hiyo.

Hata hivyo, jengo la fahari halimpi mkulima bei nzuri. Sisi tunaolima maharage, vitunguu saumu na ngano, stesheni yetu ya kwanza ni ghala la chama. Mwanachama akimwuzia mlanguzi kando ya barabara kwa lumbesa, amerudi zama za kabla ya ushirika: hapimi yeye, bali anapimiwa, na kile kilima kilichoongezwa juu ya gunia hakilipwi. Viongozi nao wajue kwamba mizani isiyo sahihi, au malipo yanayochelewa, humfukuza mkulima upesi kuliko maneno ya mlanguzi.

Basi, ndugu zetu, katika miaka kumi ijayo yatupasa kulitunza ghala: sakafu kavu, mizani iliyokaguliwa, na daftari lililo wazi kwa kila mwanachama. Lori litakuja, na pengine siku moja reli nayo. Vyovyote vitakavyokuja, vitukute tuna shehena moja.