Simu Feki na Usiku wa 16 Juni

Saa sita usiku, tarehe 16 Juni 2016, simu feki zilizimwa Tanzania nzima. Lyulilo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, ambako Wakisi huuza vyungu vyao kila Jumamosi, jambo hilo halikuwa dogo. Tangu M-Pesa iingie nchini mwaka 2008, simu imekuwa pochi.

Vita dhidi ya utambulisho bandia wa simu vilianza mbali. Simu za analoji, kama zile ambazo Mobitel ilianza nazo nchini mwaka 1994, zilitangaza utambulisho wao hewani bila kuuficha. Marekani, wezi waliunasa kwa mitambo, wakaupandikiza kwenye simu nyingine, na bili ikamwangukia mwenye namba.

GSM, mfumo wa simu wa kidijitali, ikaja na dawa: siri iliyofungiwa ndani ya laini. Mtandao hutuma namba ya kubahatisha, laini huikokotoa pamoja na siri yake na kurudisha jibu, na siri yenyewe haipiti hewani kamwe. Mwaka 1998 watafiti, akiwemo David Wagner wa Berkeley, walionyesha kwamba COMP128, kanuni iliyotumiwa na kampuni nyingi, ilikuwa dhaifu. Aliyeishika laini yako kwa saa kadhaa aliweza kuichota siri na kutengeneza pacha wake. Kanuni zikaimarishwa.

Laini ikapona, simu yenyewe haikupona. IMEI, ile namba ya tarakimu 15 unayoiona ukibonyeza *#06#, simu huitaja tu, wala haidaiwi ushahidi. Watengenezaji wa simu bandia waliweza kubandika namba moja kwenye simu nyingi, na fundi mwenye kompyuta aliweza kuibadili ya simu ya wizi. Hapo ufundi uliposhindwa, sheria ikaingia. Kenya ilizima simu feki mwaka 2012. Tanzania ilikuwa na sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010, na Desemba 2015 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikazindua rejesta kuu ya namba za IMEI. Wananchi wakapewa miezi sita kuhakiki simu zao kwa kutuma IMEI kwenda 15090.

Kuzima kulikuwa sahihi, nasimamia hapo. Lakini aliyeumia ni mnunuzi, aliyelipa fedha halali dukani. Aliyeingiza mzigo alikuwa ameshakula faida yake. Uhakiki mkali zaidi unastahili kuwekwa bandarini na mpakani, Kasumulu hukohuko Kyela ikiwemo, kabla simu haijafika mkononi mwa mama anayeuza vyungu Lyulilo.