Samaki anayekula bila kuvuta mshipi

Ndugu mfugaji, malalamiko ninayosikia kwa wenye mabwawa ya sato hapa Robanda ni haya: ndoano iko majini, mshipi haujavutwa, ukiutoa chambo hakuna. Mimi mwenyewe nimewahi kumaliza donge zima la ugali hivyo, nikasingizia kaa. Tatizo hili lina historia, na waliolihangaikia sana ni wavuvi wa trauti.

Trauti ni samaki wa maji baridi. Mwaka 1905 Ewart Grogan alipandikiza trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, katika mto Gura, milima ya Aberdare, Kenya. (Maji yetu ni ya moto mno kwake, anayetaka kukuuzia vifaranga vyake mkatae.)

Enzi hizo wavuvi wengi wa mito ya kusini mwa Uingereza walitumia nzi bandia anayeelea, kwa kuwa samaki akimchukua unamwona. Lakini trauti hula zaidi chini, tunutu wa wadudu wanaobebwa na mkondo. G. E. M. Skues, mwanasheria wa London, aliwatetea tunutu hao kwa kitabu mwaka 1910, akapingwa kwa miaka mingi. Baadaye Frank Sawyer, mtunza mto Avon, alitengeneza tunutu bandia kwa manyoya ya ndege na waya mwembamba wa shaba, ili azame.

Hapo ndipo shida ilipo. Trauti hamkimbilii tunutu. Husimama mkondoni akafungua kinywa, maji na mdudu vikaingia pamoja. Akihisi si chakula hutema kabla mkono wako haujasikia kitu. Basi wakajifunza kutumia macho. Mshipi ukisita huku maji yanaendelea, ukizama kidogo au ukienda pembeni, inua ufito. Penye maji maangavu walitazama weupe wa kinywa kikifunguka.

Sato naye hufyonza. Bwawani hakuna mkondo, kwa hiyo shahidi wako ni boya. Kile kipande kikubwa cha kandambili sato hakizamishi! Kikate kiwe kama punje ya harage, weka uzito mdogo chini yake hadi kionekane kichwa tu. Kikitikisika, kikilala ubavu au hata kikiinuka, vuta, usisubiri kizame. Jaribu asubuhi kabla hujawalisha. Nasema bwawani kwako, si mtoni ndani ya hifadhi.