Ulimi Usiotukana: Neno "Madoadoa" na Mafundisho ya Kanisa katika Bonde la Ufa la Kati

1. Dibaji

Mkristo wa Nakuru, Molo, Njoro au Naivasha hahitaji kuambiwa kwamba ulimi una nguvu. Sura ya tatu ya Waraka wa Yakobo, iufananishayo ulimi na lijamu ya farasi, usukani wa merikebu na cheche iteketezayo msitu, ni fungu lijulikanalo sana mimbarani. Kitabu cha Mithali nacho chafundisha kuwa ulimi waweza kumhuisha mtu au kumwua. Juu ya hayo ipo hekima ya Waswahili wenyewe, isemayo heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Basi lazuka swali. Ilikuwaje eneo lenye makanisa mengi kiasi hiki likawa ndilo ambalo maneno yalitangulia mishale na mapanga, mwaka 1991 na 1992, mwaka 1998, na tena mwaka 2007 na 2008?

Jibu litolewalo mara nyingi ni kwamba watu walisikia mafundisho wasiyatii. Makala haya yanatoa jibu jingine. Inadaiwa hapa kwamba mafundisho yenyewe yalikuwa na pengo. Yalimwonya mwumini dhidi ya matusi, masengenyo na uongo, yaani dhambi za mtu mmoja dhidi ya mwenzake. Hayakumpa sikio la kulitambua neno safi, lisilo tusi wala uongo wa wazi, ambalo jamii nzima hulitumia kuitenga jamii nyingine. Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba neno peke yake halikuwa chanzo cha vita. Ardhi, kura na madaraka vilikuwa ndivyo kiini. Lakini vitu hivyo vilipitia katika lugha kabla ya kufika mikononi mwa watu.

2. Kiapo na ushuhuda

Historia ya nguvu ya usemi katika eneo hili haikuanza na siasa za vyama vingi. Mnamo mwaka 1941 serikali ya kikoloni iliwapa makazi huko Olenguruone, katika nyanda za juu za Nakuru, wakulima wa Kikuyu ambao wengi wao walikuwa wameondolewa katika ardhi ya Wamasai. Walipowekewa masharti yaliyowafanya wapangaji badala ya wenye mali, waliyakataa. Katikati ya miaka ya 1940 walikula kiapo cha umoja, wanaume, wanawake na hata watoto. Kufikia mwaka 1950 walikuwa wamekwisha kufukuzwa, wengi wakipelekwa Yatta, lakini namna ile ya kuapisha watu wote, si viongozi tu, ilikwisha kuenea, nayo ikawa msingi mmojawapo wa viapo vya Mau Mau.

Wakati huo huo lilikuwapo tendo jingine la usemi. Uamsho, ulioanzia Rwanda na kufika Kenya mwaka 1937, uliwataka wafuasi wake watubu dhambi zao hadharani na kushuhudia mbele ya ndugu. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwezi Oktoba 1952, ushuhuda na kiapo vilikutana uso kwa uso. Wapo Wakristo wa Uamsho waliokataa kuapa, kwa hoja kwamba wamekwisha kufungwa na damu ya Kristo na hawawezi kufungwa na damu nyingine, na baadhi yao waliuawa kwa ajili hiyo. Wengi wa ndugu hao walikataa pia kushika bunduki za serikali.

Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba pande zote mbili ziliafikiana juu ya asili ya neno. Aliyeapisha na aliyekataa kuapa waliamini kwamba kutamka ni kutenda, na kwamba neno likisemwa mbele ya mashahidi hubadilisha hali ya msemaji na ya jamii yake. Hakuna aliyedhani kwamba ubaya au wema wa usemi ni suala la adabu tu. Fikira hiyo ndiyo iliyofifia baadaye, mafundisho ya ulimi yalipoelekea zaidi nyumbani: mume asimtukane mkewe, jirani asimsengenye jirani, kijana asiseme uongo. Mafundisho hayo ni mema, lakini ni sehemu tu ya jambo lote.

3. Neno "madoadoa"

Tarehe 8 Septemba 1991 wanasiasa wa chama tawala, KANU, walikutana Kapsabet, na tarehe 21 mwezi huo huo wakakutana Kapkatet, kudai serikali ya majimbo. "Majimbo" ni neno la katiba, lililotumika bila haya katika mijadala ya uhuru ya miaka ya 1960. Katika mikutano hii lilipewa maana nyingine: kila mtu arudi kwao. Tarehe 29 Oktoba 1991 mapigano yalizuka katika shamba la Meteitei, Nandi. Mwaka 1992 yalikuwa yamefika Molo na Olenguruone. Kamati ya Bunge iliyochunguza machafuko hayo ilitaja mwezi Septemba 1992 kuwa watu 779 walikuwa wamekufa.

Katika hali hiyo ndipo neno "madoadoa" lilipopata maana mpya, ya watu wa makabila yaliyohamia Bonde la Ufa. Umbo lake lastahili kuchunguzwa. "Doa" ni alama ndogo juu ya kitu kingine, kama vile nguo au ngozi. Wingi wake wa kawaida ni "madoa". Kwa kukariri shina, "madoadoa" huongeza wazo la kutapakaa, huku kimoja na huku kimoja. Kwa hiyo neno hili haliwezi kuwaza doa bila ya kuwaza kwanza kitambaa. Mwenye kulitamka huwa amekwisha kusema, pasipo kusema, kwamba nchi ni kitambaa cha rangi moja, na kwamba jirani yake si uzi wa kitambaa hicho bali ni kitu kilichokidondokea.

Ngeli nayo yafanya kazi yake. Kiswahili kina desturi ya kuwarudisha viumbe wenye uhai katika upatanisho wa M-WA, hata jina lenyewe likiwa la ngeli nyingine. Twasema kiziwi amefika, na majambazi wamekamatwa. "Madoadoa" huweza kuikwepa desturi hiyo, kwa kuwa hata litajwapo kwa maana ya watu husikika sawasawa kusema kuwa madoadoa yaondolewe. Mtu aliyeingizwa katika ya- amepoteza wa- yake. Tena vitenzi viambatanavyo na doa ni vichache: hutoka, husafishwa, huondolewa. Hakuna asemaye kwamba amejadiliana na doa.

La ajabu ni kwamba neno hili lilikuwa tayari katika masikio ya Wakristo, na kwa maana njema. Katika Biblia ya Kiswahili, tafsiri ya Union iliyotoka kamili mwaka 1952, hadithi ya Yakobo na Labani katika Mwanzo 30 inataja wanyama wenye madoadoa. Wanyama hao ni ujira wa Yakobo, mgeni aliyechunga mifugo ya mkwewe kwa miaka mingi, nao huongezeka kwa baraka. Mfugaji na mkulima walioisikia hadithi hiyo waliyasikia madoadoa kama haki ya mtu aliyefanya kazi katika nchi isiyo ya babaye.

Neno jingine la namna hiyo ni "kwekwe". Mkulima wa Njoro hang'oi kwekwe kwa chuki. Ni kazi ya kila msimu, tena ni kazi njema. Neno hilo likihamishiwa kwa watu, huhamia pamoja na wema wake, hata mwuaji akajiona mtu mwenye bidii shambani. Hapa pia Maandiko yalikuwa na jibu. Katika Mathayo 13 mwenye shamba anawakataza watumwa wake kung'oa magugu, kwa kuhofia kwamba ngano itang'olewa pamoja nayo, na mavuno anayaacha mikononi mwake mwenyewe. Ni vigumu kupata fungu linalolijibu neno "kwekwe" moja kwa moja kuliko hilo. Lakini halikuonekana kuwa fungu la ulimi. Fungu la ulimi lilikuwa Yakobo 3.

Kasoro hii haikuwa ya kanisa peke yake. Baada ya machafuko ya mwaka 2007 na 2008, Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, ya mwaka 2008. Kifungu chake cha 13 chatafuta kwanza maneno ya vitisho, ya matusi au ya kufedhehesha, yenye kuchochea chuki ya kikabila. Sheria nayo, kama mhubiri, yaanza kwa kutafuta tusi. Ilipasa kungoja hadi Aprili 2022 ndipo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ikatoa orodha ya maneno ya kuepukwa, "madoadoa" na "kwekwe" yakiwa miongoni mwayo. Miezi michache kabla ya hapo, Januari 2022, mwanasiasa mmoja alilitamka neno "madoadoa" katika mkutano wa hadhara mjini Eldoret. Alikamatwa, akaomba radhi, akaeleza kwamba alikusudia wagombea wa vyama vingine. Maelezo hayo yaonyesha jinsi neno lisilo tusi linavyomwachia msemaji mlango wa nyuma.

4. Sauti zilizotaja majina

Ikiwa madhara ya "madoadoa" ni kuwafuta watu majina na nafsi, basi usemi wa kuponya ni ule unaovirudisha. Mifano haikukosekana. Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, Askofu wa Kanisa Katoliki wa Nakuru tangu 1971 hadi 1996, aliyasema wazi mapigano yalipokuwa yakiendelea, wala hakukubali yaitwe ugomvi wa kawaida wa makabila. Baraza la Makanisa la Kitaifa, NCCK, lilitoa mwezi Aprili 1992 taarifa iitwayo The Cursed Arrow, yaani mshale uliolaaniwa. Jina hilo lilirudisha dhana ambayo Mkikuyu na Mkalenjini waliifahamu kwa pamoja: kwamba laana si tusi, bali ni tendo, na humrudia alitendaye.

Padri John Kaiser, Mmarekani wa shirika la Mill Hill, aliishi na wakimbizi wa Enoosupukia katika kambi ya Maela, karibu na Naivasha, mpaka kambi hiyo ilipovunjwa usiku mwezi Desemba 1994. Mwaka 1999 alisimama mbele ya Tume ya Akiwumi na kuwataja kwa majina wakubwa aliowaona kuwa wahusika. Tarehe 24 Agosti 2000 alikutwa amekufa kando ya barabara ya Naivasha kwenda Nakuru. Uchunguzi wa mahakama uliamua mwaka 2007 kwamba aliuawa. Ushuhuda wake ulikuwa ushuhuda kwa maana ile ile ya kale ya Uamsho: neno lililotamkwa mbele ya watu, na ambalo msemaji hakuweza kulirudisha.

5. Toba ya mwaka 2008

Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki, na 744 kati yao walikuwa wa Mkoa wa Bonde la Ufa. Mwishoni mwa Januari 2008 mauaji ya kulipiza kisasi yaliingia Nakuru na Naivasha. Lawama zilielekezwa pia kwa redio za lugha za makabila, ambako mafumbo ya nyasi, maziwa na wanyama yalikuwa yamesikika. Mtangazaji mmoja alishtakiwa The Hague, na kesi yake ikakomeshwa Aprili 2016 bila ya yeye kutiwa hatiani. Fumbo ni gumu kulithibitisha mahakamani, kwa sababu zile zile zilizokwisha kuelezwa juu ya "madoadoa".

Mwezi Februari 2008 viongozi wa NCCK walikiri hadharani kwamba walikuwa wameelemea pande za kisiasa, wakashindwa kusema kwa sauti moja, na wakaomba radhi. Ungamo hilo lina uzito kwa hoja ya makala haya. Hawakukiri kwamba walitukana. Walikiri kwamba usemi wao, hata ulipokuwa wa adabu, ulikuwa umekwisha kuchagua ni maiti za nani zitakazoliliwa. Hiyo ni dhambi ya ulimi ambayo katekisimu ya matusi na masengenyo haikuwa na jina lake.

Wazee wa Agikuyu na wa Kalenjin nao walikutana kwa muda mrefu, wakatia sahihi Mapatano ya Amani ya Kaunti ya Nakuru mwezi Agosti 2012. Uchaguzi wa mwaka uliofuata ulipita kwa amani mjini humo. Muungano wa vinara wa jamii hizo mbili ulichangia sana, wala haifai kuyapa maneno ya wazee sifa yote. Hata hivyo wazee hao walifanya jambo ambalo doa haliwezi kulifanya: waliketi, wakajibizana.

6. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba katika Bonde la Ufa la Kati neno lilidhuru zaidi pale lilipokuwa safi, la kazi ya kila siku, na hata la Maandiko, kwa kuwa msemaji na msikilizaji hawakuona cha kutubia. Kwa mhubiri, maana yake ni kwamba Yakobo 3 haitoshi pasipo Mwanzo 30 na Mathayo 13. Kwa mwanaisimu maana yake ni ya karibu zaidi. Kamusi ikilieleza "madoadoa" kuwa alama za rangi tu, imesema kweli, na imenyamazia watu waliouawa chini ya maana ya pili. Maana hiyo yapasa iandikwe, pamoja na mwaka wake na mahali pake, ili mwanafunzi atakayezaliwa baada ya mashahidi wote kufa aijue bado.