Mkaa wa Kidonda na Mkaa wa Shavu

Juma lililopita mpwa wangu alitoka chumbani uso mzima mweusi, macho tu yakimetameta. Bibi yake alidhani jiko limelipuka. Kumbe ni krimu ya mkaa, ya dukani, ya bei ya kilo mbili za nyama. "Mjomba, inavuta sumu zote," akaniambia. Nikamwuliza, inazivuta kuzipeleka wapi? Akacheka. Mimi, ndugu msikilizaji, swali likanikaa.

Wanaoandika historia ya mkaa hupenda kuanzia Misri, kwenye gombo la mafunjo liitwalo la Ebers, la yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo. Husema humo mkaa umetajwa kwa ajili ya vidonda vinavyonuka. Angalia vema: kidonda, si shavu. Aliyepata kuuguza mtu mwenye kidonda kisichopona anajua kwamba maumivu ni nusu ya mzigo. Nusu ya pili ni harufu. Wageni huishia mlangoni, watoto hukatazwa kuingia, na mgonjwa mwenyewe huacha kuita watu.

Siri ya mkaa ni matundu yake. Mwaka 1773 mkemia Scheele, huko Sweden, alionyesha kwamba mkaa hunasa gesi. Mwaka 1785 Lowitz, huko St. Petersburg, akaona unaondoa rangi katika majimaji, na baadaye viwanda vya sukari vikautumia. Mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo walipojifunza kuuunguza tena kwa mvuke mkali hadi matundu yakawa hayahesabiki. Huo ndio mkaa ulioamilishwa. Kuta za matundu ya gramu 1 tu, kama ungeweza kuzikunjua, zingeenea zaidi ya mita za mraba 500. Mkaa wa jikoni haufiki huko. Anayeutwanga na kujipaka anajikwaruza tu.

Kisha vikaja vita. Tarehe 22 Aprili 1915 Wajerumani walifungulia gesi ya klorini karibu na Ypres, Ubelgiji. Majeshi yakahangaika kutafuta kinga, na mkaa ukaingia katika vinyago vya askari. Mwaka 1918 Wamarekani walihimizwa kukusanya kokwa za matunda ili zichomwe kwa kazi hiyo, na vifuu vya nazi vilisakwa pia. Vifuu, ambavyo sisi wa pwani tunavitupa!

Hospitalini nako mkaa una heshima yake: Shirika la Afya Duniani limeuweka katika orodha ya dawa muhimu, kwa waliomeza sumu. Na miaka ya 1970 Waingereza walitengeneza kitambaa cha mkaa, kikawa kinafungwa juu ya vidonda vinavyonuka. Miaka zaidi ya 3,000, tumerudi pale pale pa gombo la Misri.

Krimu za uso zilivuma miaka ya 2010, zikaazima sifa hizo zote. Lakini mkaa hauvuti kitu cha mbali, hunasa kinachougusa. Ndani ya kichupa umelowekwa miezi katika mafuta na manukato, kwa hiyo umekwisha shiba kabla ya kufika shavuni. Sumu za mwili ni kazi ya ini na figo. Wataalamu waliopitia utafiti hawajaona ushahidi wa kutosha kwamba unaponya chunusi. Uso ukitakata, ishukuru sabuni iliyochanganywa humo. Zile za kubandua, ambazo mwaka 2017 watu walijipiga video wakilia, huondoka na vinyweleo na wakati mwingine na ngozi.

Nilimsimulia mpwa wangu haya akiwa ananawa. Hakubishana. Aliniuliza tu kile kitambaa cha vidonda kinapatikana wapi, maana mama wa nyumba ya tatu, mwenye saratani ya titi, siku hizi hafungulii wageni mlango. Sikuwa na jibu. Jumatatu nakwenda hospitali kuuliza.