Mishale na Ndevu

Toshiro Mifune hakuwa na nia ya kuigiza. Alizaliwa China mwaka 1920, akatumikia jeshi la Japani katika kikosi cha picha za angani, na vita vilipokwisha alitafuta kazi ya msaidizi wa mpiga kamera katika kampuni ya filamu ya Toho. Mwaka 1946 akajikuta kwenye usaili wa waigizaji wapya. Alipoambiwa aoneshe hasira, alifoka na kuyumba chumba kizima, kisha akaketi akiwakodolea macho waamuzi.

Waamuzi wengine hawakumtaka. Mwongozaji Akira Kurosawa, aliyeacha filamu yake mchana ule kuja kumtazama, alilalamika kwamba kura za wataalamu na za wawakilishi wa chama cha wafanyakazi zilihesabiwa sawa. Kajiro Yamamoto, mwalimu wa Kurosawa, akamwunga mkono. Mifune akapita.

Mwaka 1948 wakapiga *Drunken Angel*. Mhusika mkuu alikuwa daktari, aliyeigizwa na Takashi Shimura, ila Mifune, jambazi kijana mwenye kifua kikuu, alimfunika. Kurosawa aliona filamu inaelemea upande mmoja, akamwacha hivyo hivyo. Kwa mtu aliyesifika kwa kushika kila kitu mkononi, hapo ndipo ninapouona mwanzo wa yote.

Deni la uhuru huo Mifune alililipa katika *Throne of Blood* ya 1957, iliyotokana na *Macbeth*, tamthilia ambayo Samuel Mushi aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 1968. Mwishoni askari wanamgeuka bwana wao, yaani Mifune, na kummiminia mishale. Mshale wa shingoni ni hila ya kamera, lakini mingi iliyochoma mbao karibu naye ilikuwa ya kweli, ikipigwa na wapiga upinde stadi. Alipopunga mikono alikuwa akiwaonesha anakoelekea. Hofu ile usoni haikuhitaji maelekezo.

Walifanya filamu 16. Ya mwisho, *Red Beard*, ilitoka mwaka 1965 baada ya upigaji uliojikokota kupita mwaka, na muda wote huo Mifune alifuga ndevu zake mwenyewe, asiweze kuchukua kazi kwingine, huku kampuni yake mwenyewe ikimtegemea kwa fedha. Hawakufanya kazi pamoja tena.

Uhuru aliompa Mifune, Kurosawa hakumpa kila mtu. Kwa *Kagemusha* ya 1980, alimchagua Shintaro Katsu kuwa mhusika mkuu, akamfukuza mwanzoni kabisa alipotaka kurekodi upigaji kwa kamera yake mwenyewe. Nafasi akapewa Tatsuya Nakadai.